Milioni kumi za Mwalimu: mpunga wa Ubaruku au fiksi ya benki?

Mwishoni mwa Juni, malori ya mpunga yakiwa yameanza kupishana kati ya Rujewa na barabara kuu ya Zambia, Mwalimu alikuja ofisini kwetu na bahasha mbili. Mimi ni mhasibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Mbeya mjini. Kazi yangu ni vitabu vya chama, si kuwashauri watu waweke wapi pesa zao, lakini mtu aliyekufundisha kuandika akija na bahasha, unamvutia kiti. Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila jina, na namba nimezizungusha kwenye laki.

Alistaafu mwaka mmoja uliopita baada ya miaka zaidi ya 30 darasani. Kiinua mgongo kilipoingia alimaliza paa, akalipa deni la mdogo wake, akabakiwa na milioni 10. Hizo zina kazi: kitinda mimba wake anamaliza kidato cha sita mwakani, na Oktoba ya mwaka huo chuo kitataka ada, malazi na kompyuta. Mkopo wa serikali huenda ukaja, huenda usije. Kwa hiyo kuna takriban mwaka mzima ambao pesa itakuwa imekaa, na swali ni ikae wapi.

Bahasha ya kwanza ilitoka benki: akaunti ya muda maalumu, ile tunayoiita fiksi, asilimia 9 kwa mwaka. Riba hiyo inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo zinabaki asilimia 8.1. Milioni 10 zinarudi milioni 10.8, na hakuna la kuongeza. Mwanawe mkubwa aliye Dar es Salaam alikuwa ameshamwambia, "Weka fiksi mama, ulale."

Bahasha ya pili ilikuwa na daftari lililokunjika pembe. Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye kila mavuno hununua mpunga Ubaruku, huko bonde la Usangu, bei ikiwa chini, anaupanga ghalani, kisha kati ya Januari na Machi anaukoboa na kuuza mchele kwa wanaopeleka Dar es Salaam au Tunduma. Mzee huyu haandiki sana, lakini anaandika. Misimu 10 ilikuwemo: alinunua gunia ngapi, kwa bei gani, usafiri, ushuru, ghala, kukoboa, aliuza lini, akabaki na nini. "Shemeji," alikuwa amemwambia Mwalimu, "pesa ya benki inalala. Mpunga nao unalala, ila ukiamka umenenepa."

Mwalimu hakuja kuniuliza ipi ina faida zaidi. Hilo alikuwa ameliona mwenyewe kwenye daftari. "Nataka uniambie," alisema, "kama mtu mwenye akili timamu anaweza kuukataa huu mpunga, au ni mimi tu mwoga."

Sijawahi kuulizwa swali la fedha lililonyooka kuliko hilo. Ajabu ni kwamba ndilo swali lenyewe ambalo wanahisabati wa uchumi walilihangaikia kwa miaka mingi.

Daftari linavyosomeka

Nilianza kwa kugeuza kila msimu uwe na umbo moja: milioni 10 zikiingia Julai, Julai inayofuata zingekuwa ngapi? Kulinganisha shilingi za zamani na za leo moja kwa moja ni kujidanganya, ndiyo maana nilichukua uwiano wa faida kwa mtaji na si shilingi zenyewe. Miezi ya baada ya mauzo, kuanzia Machi hadi Julai, niliichukulia kama pesa iko kwenye simu haizai kitu, maana ndivyo ilivyo kwa wengi wetu.

Nilipozipanga kuanzia msimu mbaya hadi mzuri, milioni 10 zilikuwa zinarudi hivi, kwa milioni: 10.2, 11.1, 11.4, 11.9, 12.2, 12.6, 13.0, 13.4, 14.1, na 15.1. Wastani ni 12.5. Benki ni 10.8 kila mwaka, mvua ije au isije.

Njia iliyozoeleka ya kusoma namba kama hizi ni ya mwanauchumi Harry Markowitz, ya mwaka 1952: tazama wastani, tazama mtawanyiko, yaani matokeo yanavyoachana na wastani huo. Uwekezaji wenye wastani mkubwa na mtawanyiko mdogo ndio bora. Lakini mpunga una wastani mkubwa na mtawanyiko mkubwa. Benki ina wastani mdogo na mtawanyiko sifuri. Kanuni inakaa kimya. Inakurudishia swali lako kama lilivyokuja, ikiwa imevaa koti.

Mwaka 1969 ikaja njia nyingine, iliyoandikwa karibu wakati mmoja na Josef Hadar na William Russell upande mmoja, na Giora Hanoch na Haim Levy upande mwingine. Inaitwa utawala wa kistokastiki. Jina linatisha kuliko kazi yake. Panga matokeo ya uwekezaji wa kwanza kutoka baya hadi zuri, panga na ya pili vivyo hivyo, yasimamishe kama wanafunzi mstarini, mfupi kwa mfupi na mrefu kwa mrefu. Ikiwa kila mwanafunzi wa mstari wa kwanza ni mrefu kuliko mwenzake wa mstari wa pili au wanalingana, na angalau mmoja amemzidi mwenzake, basi mstari wa kwanza unatawala. Kila mtu anayependa pesa nyingi kuliko kidogo atauchagua, awe mwoga au jasiri. Hiyo ni daraja la kwanza. Daraja la pili ni kwa watu wanaoogopa hatari, na lina huruma kidogo: linajumlisha tofauti kuanzia upande mbaya, ili ziada za mwanzo ziweze kufidia upungufu unaofuata.

Kwa Mwalimu, mistari ilikuwa hivi: benki ina wanafunzi 10 wote wa kimo cha 10.8, mpunga una tisa warefu kuliko wao, na mmoja wa 10.2. Huyo mmoja anavunja daraja la kwanza. Anavunja na la pili pia, kwa sababu amesimama mwanzoni kabisa, upande wa ubaya, na hakuna ziada iliyotangulia ya kumfidia. Upungufu wa laki 6 katika msimu mmoja kati ya 10, na kanuni zote mbili zinanyoosha mikono.

Hapo ndipo udhaifu wa kanuni kali unapoonekana. Chukua mfano wa kipuuzi. Mtu anakupa gunia moja la mpunga kwa hakika. Mwingine anasema: mara 99 kati ya 100 nitakupa lori zima, na mara 1 nitakupa nusu gunia. Hakuna mtu kati ya Uyole na Igawa atakayechagua gunia moja. Lakini kwa mujibu wa daraja la kwanza, na hata la pili, lori halitawali, kwa sababu ya ile nusu gunia. Kanuni inamlinda mtu fulani wa kufikirika ambaye nusu gunia pungufu inamuuma kuliko lori zima linavyomfurahisha. Mtu huyo mimi sijakutana naye.

Moshe Leshno na Haim Levy waliliandikia jambo hili mwaka 2002. Pendekezo lao ni utawala wa karibu: tusiulize kama watu wote wa kwenye karatasi wangechagua lori, tuulize kama karibu wote wangelichagua, tukiwaondoa wale wenye mapendeleo yaliyopitiliza. Na kipimo cha kuwaondoa wakakipa herufi ya Kigiriki, epsiloni. Hesabu yake unaweza kuifanya nyuma ya risiti. Jumlisha mapengo yote ambayo mpunga uko chini ya benki. Jumlisha mapengo yote, ya chini na ya juu. Gawanya cha kwanza kwa cha pili.

Kwa daftari la mzee: upungufu ni 0.6. Ziada, ukijumlisha misimu tisa, ni 17.6. Jumla 18.2. Epsiloni ni 0.6 kwa 18.2, yaani asilimia 3.3.

Ikiwa asilimia 50, au zaidi, mpunga haujapata hata wastani mkubwa kuliko benki, hakuna cha kujadili. Ikiwa sifuri, ni ule utawala mkali wa 1969. Katikati hapo, asilimia 3.3 ni ndogo au kubwa? Mwaka 2010 Levy, Leshno na Leibovitch walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu halisi, wakikadiria ni epsiloni ipi ambayo bado inabeba washiriki wote. Kwa daraja la kwanza walipata asilimia 5.9. Asilimia 3.3 iko ndani ya hapo. Kwa kipimo hicho, mpunga umeshinda.

Lakini kuna njia ya kuisoma epsiloni ambayo kwangu ni bora kuliko kulinganisha na namba ya maabara ya watu wengine. Gawanya ziada kwa upungufu: 17.6 kwa 0.6 ni kama 29. Namba hiyo inasema hivi: mpunga ni chaguo la kila mtu ambaye kwake shilingi inayokosekana katika mwaka mbaya kuliko yote haizidi uzito wa shilingi 29 zinazoongezeka katika mwaka mzuri kuliko yote. Ile asilimia 5.9, ukiigeuza hivyohivyo, ni mara 16. Kwa hiyo swali halihusu tena hatari kwa jumla. Linahusu jambo ambalo mama yeyote wa nyumbani analijua: shilingi ya siku ya shida ina uzito mara ngapi ya shilingi ya siku ya sherehe?

Nilitaka kumpigia Mwalimu siku ileile. Mara 29 ni nyingi mno. Lakini kuna kitu kwenye daftari kilinikera. Lilikuwa zuri mno kwa biashara ninayoijua kwa kusimuliwa.

Ubaruku

Jumamosi tulikwenda, mimi na Mwalimu. Kutoka Mbeya unashuka Uyole, unapita Igurusi na Chimala, na kila unaposhuka hewa inazidi kuwa nzito hadi ukifika Usangu unatafuta kivuli. Ghala la mzee ni la matofali ya kuchoma, paa la bati, sakafu ya saruji yenye nyufa. Magunia yalipangwa moja kwa moja sakafuni upande mmoja, na juu ya chaga za mbao upande mwingine.

"Shikamoo baba mdogo," nilimsalimu kwa jina analoitwa na watoto wa Mwalimu, naye akatuletea viti. Nikamuuliza kwa nini upande huu una chaga na ule hauna.

"Ule ulipata maji," akasema.

"Lini?"

Akamwangalia Mwalimu kabla ya kunijibu. Kulikuwa na msimu, Januari, mvua kubwa ilipiga usiku, bati moja likanyanyuka, na hakuna aliyejua hadi asubuhi ya siku ya tatu. Sehemu ya mpunga ilivunda. Iliyookolewa ilianikwa, ikakauka vibaya, na ilipokobolewa ikatoka chenga tupu, na mchele wa chenga unauzwa kwa bei ya huruma. Ukweli ni kwamba alikuwa mwepesi kutueleza. Hakuficha. Ila hakuuandika ule msimu. "Ule ulikuwa mwaka wa Mungu," alisema. "Daftari ni la biashara."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Haina hila ndani yake. Wafanyabiashara wengi ninaowajua hutofautisha hasara ya biashara, ambayo ni kosa lako, na hasara ya Mungu, ambayo si kosa la mtu, na ya pili haina sababu ya kuandikwa kwa vile haina funzo. Lakini milioni 10 za Mwalimu hazijui tofauti hiyo. Bati likinyanyuka, zinalowa.

Tulikaa kwenye gogo nje ya ghala tukakadiria. Kwa alivyokumbuka gunia zilizooza na bei aliyouzia chenga, milioni 10 za msimu ule zingerudi kama milioni 7.8.

Jambo la pili lilikuwa dogo na nililipata kwa bahati, kijana mmoja alipokuja kuomba pesa ya soda. Nani analinda hapa usiku, nani anahesabu magunia, nani anakwenda mashineni Igurusi kusimamia kukoboa ili pumba na chenga visipotee? Mzee mwenyewe. Analala hapohapo. Muda wake haumo kwenye daftari kwa sababu hajilipi. Lakini kwa mzigo wa Mwalimu mzee alikuwa anapanga kumweka huyu kijana, na kijana atalipwa. Kwa mzigo wa milioni 10 tulikubaliana ni kama laki 4 kwa msimu.

Hesabu ya pili

Nilirudi Mbeya na kupanga mistari upya. Kila msimu umepungua 0.4, na msimu wa bati umeingia, ukiwa 7.4. Sasa ni misimu 11: 7.4, 9.8, 10.7, 11.0, 11.5, 11.8, 12.2, 12.6, 13.0, 13.7, 14.7. Wastani umeshuka hadi 11.7, ambao bado ni mkubwa kuliko benki, na mtu anayetazama wastani peke yake angeona mpunga umeyumba kidogo tu.

Epsiloni imeyumba zaidi. Mapengo ya chini: 3.4, 1.0 na 0.1, jumla 4.5. Mapengo ya juu: 14.1. Epsiloni sasa ni 4.5 kwa 18.6, asilimia 24.2. Na ule uwiano wa ziada kwa upungufu umeanguka kutoka mara 29 hadi mara 3.1.

Nilitaka kujua ni nini kilichofanya kazi hiyo, kwa hiyo niliingiza kimoja kimoja. Posho ya kijana peke yake, bila msimu wa bati, inapandisha epsiloni kutoka asilimia 3.3 hadi 7.2, tayari juu ya ile 5.9. Laki 4 tu! Sababu ni kwamba gharama isiyobadilika inasukuma mstari mzima chini, na walio karibu na benki ndio wanaozama kwanza. Msimu wa bati ndio uliofanya mengine.

Mtu anaweza kusema nimeupa uzito mkubwa mno: mara moja katika misimu 11, nani kasema? Pengine ni mara moja katika 20. Haya, nikaupa nafasi moja katika 20, na iliyobaki nikaigawa sawa kwa misimu mingine 10. Epsiloni ikashuka hadi asilimia 17, uwiano ukapanda hadi mara 4.9. Bado tuko mbali sana na 29.

Nigusie kidogo kwa nini nilibaki daraja la kwanza. Utawala wa karibu una daraja la pili pia, na kwa mtu mwoga wa hasara lingeonekana ndilo linalofaa. Lakini mwaka 2013 Tzeng, Huang na Shih walionyesha kwamba ufafanuzi wa daraja hilo wa mwaka 2002 ulikuwa na ufa: uwekezaji ungeweza kupita kipimo na bado usiwe chaguo la kila mtu wa kundi lililokusudiwa. Wakaurekebisha. Kwa hesabu ya kwenye risiti, na kwa kuwa upande mmoja ni benki isiyobadilika, daraja la kwanza linatosha na halina utata.

Mara tano

Mwalimu alikuja tena Jumatano. Nilimweleza yote, nikamwambia sasa zamu yake. Namba ya mara 3.1 haijui lolote kuhusu yeye. Inasema tu: kama uzito wa shilingi zako hautofautiani zaidi ya hapo kati ya mwaka mbaya na mzuri, chukua mpunga bila wasiwasi. Ukizidi hapo, kanuni haisemi ukatae. Inasema haiwezi tena kukusemea, tukutazame wewe mwenyewe.

Sehemu hii watu huiruka. Wengi wakishaona kipimo kimeshindwa wanadhani jibu ni hapana.

"Mwalimu," nilimuuliza, "pesa zikirudi zaidi ya kumi, zile za juu zinafanya nini?"

"Uzio," alisema. "Na bomba la maji. Vinaweza kusubiri hata miaka miwili."

"Na zikirudi chini ya kumi?"

"Zisirudi chini ya kumi. Kumi ni ya mtoto."

"Zikirudi?"

Alinyamaza. Jirani yake mmoja, alisema, alipungukiwa ada akaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, na hadi leo analipa kitu ambacho hakumbuki kilianzia wapi. Kwa hiyo nikamuuliza kwa namna nyingine: kama laki moja ya ada imekosekana, ungekuwa tayari kutoa pesa ya uzio kiasi gani ili uipate, mradi usiende kule? Alihesabu kwa vidole, kwa dhati, kama anayesahihisha mtihani.

"Laki tano. Zaidi ya hapo basi, nitauza ng'ombe."

Mara tano, basi, kwa kila shilingi iliyo chini ya 10. Mara moja kwa kila shilingi iliyo juu. Mtu huyu si wa kupitiliza. Yuko ndani kabisa ya wale watu wa kawaida wa mara 16. Lakini yuko nje ya mara 3.1, na nje kidogo hata ya 4.9.

Tukapiga hesabu ya kwake. Ukiweka zote 10 kwenye mpunga, ziada ni 14.1. Upungufu tunaupa uzito wake. Msimu wa bati, kutoka 10.8 hadi 10 ni 0.8 ya kawaida, na kutoka 10 hadi 7.4 ni 2.6 mara tano, yaani 13; jumla 13.8. Msimu wa 9.8 unatoa 0.8 na 0.2 mara tano, jumla 1.8. Msimu wa 10.7 unatoa 0.1. Vyote pamoja 15.7. Ziada 14.1, maumivu 15.7. Kwa Mwalimu huyu, si kwa mwingine, fiksi inashinda mpunga kwa pua.

Nilimwambia: basi jibu la swali lako la kwanza ni hili. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuukataa. Si uoga.

Alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi: "Na nikiweka nusu?"

Hapa pana jambo linalopendeza. Ukichanganya mpunga na fiksi na kulinganisha mchanganyiko huo na fiksi tupu, epsiloni haibadiliki hata chembe. Weka nusu, mapengo ya chini yanakuwa nusu na ya juu yanakuwa nusu. Ukigawanya unapata asilimia 24.2 ileile. Weka sehemu ya kumi, 24.2. Kipimo hiki kinakuambia mpunga ni wa namna gani. Hakikuambii uweke kiasi gani. Aliyekitegemea peke yake angesema kuchanganya hakusaidii.

Kunasaidia, ila msaada unatoka kwa Mwalimu mwenyewe na si kwenye mpunga. Shilingi zake zinabadilika uzito mahali pamoja tu, pale kwenye 10. Mchanganyiko ukiwa mdogo kiasi kwamba hata msimu wa bati unarudisha 10, basi mahali popote mchanganyiko unapoweza kufika shilingi zake zote zina uzito mmoja, na kwa mtu wa namna hiyo mara 3.1 inatosha na kubaki. Msimu wa bati unakula 3.4 kwa kila 10. Nafasi aliyo nayo kutoka 10.8 hadi 10 ni 0.8. Gawanya: asilimia 23.5. Kama milioni 2.35 kwenye mpunga, na 7.65 benki.

Nilijaribu kiasi kingine kuona kama hapo ndipo kilele. Kila unapoongeza hadi 2.35 faida halisi kwake inapanda. Ukivuka hapo inaanza kuteremka, kwa sababu kila laki mpya inaingia kwenye eneo la mara tano msimu wa bati ukija. Ukiweka nusu, bado ni bora kuliko fiksi tupu, lakini umepoteza karibu nusu ya faida ya kile kiasi kizuri. Ukifika milioni 8 unakuwa umerudi palepale ulipoanzia, kana kwamba hukuweka chochote, isipokuwa umeongeza usiku wa kukosa usingizi wakati wa mvua.

"Shemeji hatapenda mbili na nukta," alisema Mwalimu. Hesabu za ndugu nazo zina uzito wake. Milioni 10 zikikataliwa na mbili zikatolewa, inaonekana kama umemwona mzee si mwaminifu. Tukajaribu 3. Msimu wa bati ukija, atarudishiwa milioni 9.78, pungufu ya laki 2 na elfu 20 kwa ada. Hiyo aliona ataipata kwenye kuku. Kwa mizani yake mwenyewe, 3 inapoteza kidogo sana ukilinganisha na 2.35.

Alimpigia simu mzee akiwa hapohapo ofisini, simu ikiwa wazi mezani. "Shemeji, shikamoo. Nitaweka tatu. Lakini magunia yangu nataka yawekwe alama, na yakae juu ya chaga."

Upande wa pili ulikaa kimya kidogo. "Chaga zimejaa, shemeji."

"Nitaleta zangu."

Alinunua mbao Mafiati, akazisafirisha na gari la asubuhi. Mara ya mwisho nilipofika Ubaruku, katikati ya Januari, mvua ilikuwa imepiga usiku uliotangulia na mzee alikuwa juu ya ngazi, anagongomelea bati la upande wa mashariki. Kijana alikuwa chini, anamshikia ngazi. Daftari lilikuwa juu ya magunia ya Mwalimu, limefunguliwa ukurasa wa msimu huu, na chini ya ushuru na usafiri mzee alikuwa ameongeza mistari miwili mipya: posho ya kijana, na misumari.